Hii Tuiweke Wapi?

Mhadhara wa wazi juu ya kumpima na kumtuza msomi anayefanya kazi na jamii



Nitaanza na barua.

Miaka kadhaa iliyopita niliketi kwenye kamati ya kupandisha vyeo katika chuo ambacho sitakitaja. Mbele yetu palikuwa na jalada la mhadhiri wa kilimo aliyeomba kuwa mhadhiri mwandamizi. Kwa misimu saba alikuwa amefanya kazi na kina mama wa kijiji kimoja juu ya hifadhi ya mahindi, hasa dhidi ya dumuzi, yule mdudu ambaye wakulima wengi humwita Skania kwa jinsi anavyosomba ghala zima. Alikuwa na makala tatu. Chini ya makala hizo kulikuwa na kijitabu cha Kiswahili chenye michoro, nakala za vipindi vya redio, na barua ya kurasa nne iliyoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi za daftari. Mwishoni mwake yalifuatana majina, saini, na alama za dole gumba.

Wale kina mama hawakuandika sifa tupu. Walieleza kwamba msimu wa kwanza mwalimu aliwashauri wapukuchue mapema na kutia dawa. Wakapukuchua, na sehemu ya mahindi ikaota ukungu kwa kuwa hayakuwa yamekauka sawasawa. Walieleza jinsi walivyomketisha wakamwonyesha namna wao wanavyopima ukavu: kwa jino, na kwa mlio wa punje zinapomwagwa kwenye ungo. Yeye akaleta chupa na chumvi kavu, akawaonyesha kwamba chumvi ikiganda kwenye kioo punje bado zina maji. Msimu mzima uliofuata walilinganisha vipimo hivyo, chake na vyao. Barua ilitaja mahali chupa ilipowashinda na mahali jino lilipoishinda chupa. Ilitaja kaya zilizojitoa, na sababu za kujitoa.

Mwenyekiti wa kamati, mtu mwadilifu na mwenye haraka ya haki, aliishika barua ile kwa vidole viwili akauliza: “Hii tuiweke wapi?”

Fomu yetu ilikuwa na nafasi ya makala, ya vitabu, ya wanafunzi waliosimamiwa, ya ufundishaji. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja: huduma kwa jamii. Barua ikawekwa hapo, pamoja na kijitabu, redio, na misimu saba. Alama zilizopatikana hazikutosha, na mhadhiri yule hakupanda.

Mimi nilikuwepo na sikusema neno. Mhadhara huu ni neno nililopaswa kulisema siku ile.

Figa la tatu

Vyuo vikuu vyetu vyote hutamka kazi tatu: kufundisha, kutafiti, na kuihudumia jamii. Ziko katika sheria zilizoviunda, katika dira zao na katika hotuba za mahafali. Hapa Tanzania ahadi hiyo ina mizizi mirefu. Chuo kikuu chetu cha kwanza kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la chama cha TANU jijini Dar es Salaam, kikiwa na kitivo kimoja, cha sheria, na wanafunzi wachache tu. Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere alimfananisha aliyesomeshwa na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Akila asirudi, alisema, amewasaliti. Mfano huo tunausimulia mpaka leo. Ila kwenye fomu zetu za kupanda vyeo hatuulizi kama mtu alirudi. Tunauliza alikula sahani ngapi.

Chungu hakikai juu ya mafiga mawili. Sisi tumekiweka juu ya mawili, na la tatu tumelichora kwa chaki.

Naomba tutenganishe mambo ambayo mstari ule mmoja wa fomu umeyachanganya. Daktari wa chuo akiwapima watu shinikizo la damu siku ya maonyesho, hiyo ni huduma, na ni njema. Mhandisi akilipwa na kampuni kuandika ripoti ambayo kampuni itaimiliki, huo ni ushauri elekezi, nao ni halali. Ninalolizungumzia ni la tatu: usomi wenyewe, unaofanyika pamoja na watu wenye tatizo. Swali huchongwa na pande mbili. Ujuzi wa fani hukutana na ujuzi wa wanaoishi na jambo hilo kila siku, na kila upande humsahihisha mwenzake. Kinachozaliwa ni maarifa mapya, yamewekwa wazi, na mtu mwingine anaweza kuyapinga kwa hoja. Kazi ya aina hiyo ni utafiti. Kuiita huduma ni kumlipa fundi seremala kwa kuwa amefagia vumbi la mbao.

Tulichokizaa wenyewe

Kuna watakaosema hoja hii imeletwa na wafadhili. Historia inasema kinyume chake.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Ufini, aliishi katika kijiji cha Bunju miongoni mwa Wazaramo. Baadaye, akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikwenda vijijini na wanafunzi wa Kitanzania kwa masharti tofauti na yale ya dodoso la kujazwa na kuondoka: wanakijiji wawe watafiti pamoja nao. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 kazi hiyo ilikua ikawa mradi wa Jipemoyo katika wilaya ya Bagamoyo, ulioendeshwa kwa ushirikiano wa Tanzania na Ufini, wakulima na wafugaji wakichunguza maisha yao wenyewe. Wakati huohuo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa na mawazo yaleyale. Budd Hall alifanya kazi hapo kuanzia mwaka 1970, na Paulo Freire wa Brazil alifika nchini mwaka 1971. Mwaka 1973 taasisi hiyo iliongoza kampeni ya Mtu ni Afya, ambamo watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili, kisha wakachimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Jina ambalo dunia inalitumia leo, utafiti shirikishi, lilipata sura yake katika mazungumzo ya Dar es Salaam ya miaka ile.

Wasanii wa taaluma nao hawakubaki nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na wenzao wa idara ya sanaa za maonyesho ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, mkoani Mwanza. Walikaa na wanakijiji, wakatumia ngoma na maigizo ya hapohapo kuchambua mambo yaliyokuwa yakiwaumiza, likiwamo la wasichana kupata mimba wakiwa shuleni. Mwaka 1996 mkondo huo ulizaa Tuseme, mpango ambamo wasichana wa sekondari huchunguza wenyewe vikwazo vya masomo yao na kuvitoa jukwaani mbele ya walimu na wazazi. Baadaye ulichukuliwa na FAWE, shirika la elimu ya wasichana, na kuvuka mipaka ya nchi. Mtu akiuliza andiko la kitaalamu liko wapi, lipo: Mlama alichapisha kitabu kizima kuhusu njia hiyo mwaka 1991. Ila kitabu kilitoka ngomani. Anayekipa kitabu alama zote na kuinyima ngoma amekata mti ili kuhesabu matunda.

Mwani wa Paje

Mfano unaonigusa kuliko yote uko ufukweni, nami naomba tukae nao kidogo.

Watu wa pwani waliokota mwani wa asili na kuuza ng'ambo kwa miaka mingi kabla haujalimwa. Keto Mshigeni, mtaalamu wa mimea aliyesomea Hawaii, alirudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1970 na kuonyesha kwa majaribio kwamba mwani unaweza kulimwa katika maji yetu. Mwaka 1989 mashamba ya biashara yalianza mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Waliojitosa kwa wingi ni wanawake. Maji yakipwa sana wakati wa bamvua, huingia na kamba na vigingi, hufunga vipande vya mwani kimoja kimoja, na hutoka bahari inaporudi. Fedha hiyo imejenga nyumba na kusomesha watoto katika vijiji ambamo mwanamke alikuwa na njia chache za kupata shilingi yake mwenyewe.

Wakulima wanajua aina mbili: spinosamu na kotonii. Kotonii ina bei nzuri zaidi, lakini haivumilii joto. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilianza kufa, sehemu baada ya sehemu. Walioiona kwanza ni wale waliokuwa wakiishika kwa mikono kila bamvua: mwani ukapauka, ukalainika, ukakatika kambani. Kisayansi jambo hilo linahusu maji yaliyopata joto na magonjwa yanayofuatana nalo. Kwa mama wa Paje linahusu ada ya shule.

Flower Msuya, mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lililoanzishwa Zanzibar mwaka 1978, alilifanyia kazi suala hilo pamoja na wakulima. Kama maji ya pwani yamekuwa moto, je, kotonii itastawi kwenye kina kirefu zaidi? Walijaribu kuipanda ndani ya nyavu za mirija, zisizoruhusu mawimbi kuing'oa. Hapo ndipo maabara peke yake ingeshindwa, kwa sababu shamba la kina kirefu linataka chombo na linataka kuogelea, na wengi wa wakulima hawa hawakufundishwa kuogelea. Suluhisho la kibiolojia likawa pia suala la jinsia, la mitumbwi, la usalama, na la nani ataruhusiwa kwenda wapi. Tangu mwaka 2006 kazi hiyo imeambatana na juhudi ya pamoja ya wakulima, watafiti na wafanyabiashara kuongeza thamani ya mwani hapohapo Zanzibar. Mwani uliokuwa ukipakiwa mkavu kwenda ng'ambo kwa bei ya chini ukaanza pia kusagwa unga, kutiwa kwenye vyakula, na kutengenezwa sabuni.

Nawataja wasomi hawa kwa kazi yao. Wamechapisha pia, na machapisho yao yanasomwa duniani. Lakini chukueni kipande kimoja cha sabuni ya mwani mkiweke juu ya meza ya kamati. Ndani yake kuna kemia, kuna uchumi wa kaya, kuna miaka ya kuaminiana. Hii tuiweke wapi?

Kipimo hufundisha

Kila mizani ina namna yake ya kumfundisha muuzaji. Ukinunua pamba kwa uzito bila kuangalia daraja lake, usishangae kukuta mchanga na maji ndani ya gunia. Nasi tumenunua makala kwa hesabu. Tumepata makala nyingi, baadhi yake bora kabisa. Tumepata pia utafiti mmoja uliokatwa vipande vitano, na majarida ya ulaghai yanayochapa chochote kwa anayelipa. Vijana wetu hawakuzaliwa na tabia hiyo. Waliisoma kwenye fomu yetu.

Mhadhiri yule wa mahindi naye aliisoma. Baada ya kukataliwa alirudi kwenye takwimu zake za zamani, akaandika makala za haraka kwa majarida ya mbali, na alipoomba tena akapanda. Kijijini hakurudi. Hakuna aliyemkataza kwenda. Tulimfundisha kutokwenda.

Wenzetu wa nchi nyingine wameshapambana na jambo hili, na tunaweza kujifunza kwao bila kuwaiga kwa kufumba macho. Nchini Marekani, Ernest Boyer, aliyekuwa rais wa Wakfu wa Carnegie wa Kuendeleza Ufundishaji, aliandika mwaka 1990 kwamba usomi una sura nne: kugundua, kuunganisha maarifa ya fani mbalimbali, kuyatumia, na kufundisha. Vyuo, alisema, vimeitukuza sura ya kwanza na kuzisahau nyingine. Andiko lake la baadaye, lililochapishwa mwaka 1996 akiwa ameshafariki, lilikwenda mbali zaidi, likavitaka vyuo viunganishe nguvu zao na matatizo makubwa ya jamii, watoto, shule na miji. Mwaka huohuo chuo cha Portland State, katika jimbo la Oregon, kiliandika upya miongozo yake ya vyeo ili kazi ya namna hiyo ihesabiwe kama usomi. Kuanzia mwaka 2006 wakfu wa Carnegie umekuwa ukivitambua vyuo vinavyoshirikiana na jamii, na kati ya maswali yake kuna moja linalouma: je, sera zenu za kupandisha vyeo zinaitambua kazi hiyo? Hapo ndipo vyuo vingi vimekuwa na majibu dhaifu. Kusaini mkataba na kijiji ni rahisi. Kugusa fomu ya vyeo ni kugusa moyo wa chuo.

Uingereza ilitumia njia nyingine. Katika tathmini ya kitaifa ya utafiti ya mwaka 2014, mchango wa utafiti nje ya chuo ulipewa asilimia 20 ya alama. Mwaka 2021 ukapandishwa hadi asilimia 25. Fedha za serikali hufuata alama hizo, kwa hiyo idara ambazo hazikuwahi kuuliza utafiti wao umemfaa nani zilianza kuuliza. Hata hivyo kuna tahadhari. Mfumo wa namna hiyo hupenda hadithi kubwa zenye matokeo ya kuonekana, na kazi ya polepole, ya kijiji kimoja, hufunikwa kirahisi. Tukirekebisha mizani yetu, tuangalie isije ikafundisha ulaghai mpya, wa kupiga picha na wanakijiji na kuondoka.

Vigezo vipo

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi ni kwamba kazi na jamii haina kipimo cha kitaaluma. Kipo. Mwaka 1997 wenzake Boyer walitoa vigezo sita vya kupimia usomi wa aina yoyote, nami navitia katika lugha yetu: malengo bayana, maandalizi ya kutosha, njia zinazofaa, matokeo yenye uzito, uwasilishaji unaofikisha ujumbe, na tafakuri ya kujikosoa.

Virudisheni kwenye jalada lile la mahindi. Malengo: kupunguza mahindi yanayoliwa na dumuzi bila kuleta ukungu. Yalikuwa bayana, na yalikuwa ya kufa na kupona, kwa kuwa ukungu ndio mzazi wa sumukuvu, iliyoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016. Maandalizi: alijua dawa na wadudu, lakini hakujua vipimo vya kienyeji vya ukavu, na alijifunza. Njia: kulinganisha chupa, jino na ungo msimu mzima, kaya kwa kaya. Matokeo yalikuwa ghalani. Uwasilishaji ulikuwa kijitabu na redio, kwa Kiswahili, kwa watu wanaohusika. Na tafakuri ya kujikosoa? Ilikuwa ndani ya barua, imeandikwa na watu aliowakosea. Nimesoma makala mamia katika maisha yangu. Sikumbuki nyingi ambazo mwandishi wake alisimuliwa kosa lake na walioathirika, naye akakubali maelezo hayo yawe sehemu ya jalada lake.

Jambo hili linahusu lugha pia. Kijitabu cha Kiswahili kilichopitiwa na wataalamu, kikajaribiwa na watumiaji na kurekebishwa, kinastahili kupimwa kwa uzito wa kilichomo. Mwaka 1981 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, na mpaka leo sijui nyumba ya mwalimu isiyowahi kuikopa au kuikopesha. Hakuna atakayesema haikuwa kazi ya kisomi kwa kuwa haikuandikwa kwa Kiingereza. Basi tusimwambie hivyo mtaalamu wa afya, wa bahari au wa sheria anayeandika ili asomwe na wale aliotafiti nao.

Nani apime?

Sasa nafika kwenye kiini cha nilichokuja kusema. Tunaweza kubadili fomu, tukaongeza mistari na alama, na bado tukashindwa, tukiacha swali moja bila kuligusa: nani apime?

Makala hupimwa na wahakiki wanaoijua fani. Tunawaamini kwa sababu wanajua kinachozungumzwa na hawana sababu ya kumpendelea mwandishi. Kazi iliyofanywa na jamii ina upande ambao profesa wa London au wa Nairobi hawezi kuuona akiwa ofisini kwake. Wanaouona ni wale waliokuwepo. Kwa hiyo napendekeza kila jalada la aina hii lipate maoni ya makundi matatu: wahakiki wa fani kama ilivyo sasa; mtu wa vitendo, kama ofisa ugani, muuguzi au mwalimu wa shule, anayejua kama matokeo yanatumika; na wanajamii wenyewe.

Wanajamii wasiulizwe kuhusu mahesabu ya kitakwimu. Waulizwe wanayoyajua kuliko sisi. Swali lilitoka wapi, kwenu au kwake? Mlishirikishwa tangu mwanzo au mliitwa siku ya picha? Ni nini kilibadilika, na nani hakufaidika? Alipokosea alifanya nini? Matokeo yalirudi kwenu, na kwa lugha gani? Je, mngekubali kufanya kazi naye tena?

Najua mtaniambia jamii zetu zina adabu, na mgeni hasemwi vibaya mbele yake. Ni kweli. Ndiyo maana maoni hayo yasikusanywe na mwombaji. Wajumbe wawili wa kamati wasafiri siku moja, wakae na watu bila yeye kuwepo, na wawatafute hasa wale waliojitoa katikati ya kazi. Mtaniambia pia kuna diwani au mwenyekiti anayeweza kumkomoa msomi aliyegundua jambo lisilompendeza. Nalo ni kweli, na kamati lazima ijue kutofautisha lawama ya walioumizwa na lawama ya waliofichuliwa. Wahakiki wa majarida nao wana chuki na upendeleo wao. Hatukufuta uhakiki kwa sababu hiyo, tuliuwekea taratibu.

Wapo watakaoogopa kwamba tunashusha viwango. Naiheshimu hofu hiyo, maana mimi mwenyewe nimeilinda milango ya viwango kwa miaka mingi. Lakini kipimo ninachokipendekeza ni kigumu kuliko tulicho nacho. Ni rahisi zaidi kumridhisha mhakiki usiyemjua kuliko kumridhisha mama aliyepoteza magunia yake kwa ushauri wako na bado unaomba kura yake.

Tuzo ya kweli

Cheti na ngao siku ya mahafali si vibaya, ila mtu hasomeshi watoto kwa ngao. Tuzo ya kwanza ni mahali halali katika fomu: kazi iliyotimiza vigezo ihesabiwe katika sehemu ya utafiti, ibebe uzito wa utafiti.

Ya pili ni muda. Kuaminiana hakuji kwa ratiba ya mradi wa miaka miwili. Msomi aliye katikati ya kazi ya miaka mingi apunguziwe vipindi au apewe muhula wa kukaa alipo, na ripoti yake ya hatua ikubaliwe kabla makala haijatoka. Hasa tuwalinde wahadhiri wasaidizi na wahadhiri wapya, ambao leo tunawanong'oneza wasubiri mpaka wapande ndipo wafanye yenye manufaa. Anayesubiri miaka kumi na tano hurudi kijijini akiwa mgeni.

Ya tatu ni gharama ya kurudi. Kila bajeti ya utafiti iwe na fungu la kurudisha matokeo kwa waliotoa majibu, nalo lisiwe la kwanza kukatwa.

Ya nne ni haki ya wenzetu wa nje ya chuo. Wakulima, wavuvi, wakunga na vijana wanaokusanya data pamoja nasi walipwe kwa siku zao, watajwe kwa majina wakiridhia, na wapate nakala ya kile kilichoandikwa juu yao. Hatuwezi kumtuza msomi kwa ushirikiano ambao mshirika wake ameachwa mikono mitupu.

Ndugu zangu, nimetembea na nakala ya barua ile kwa miaka yote hii. Sentensi yake ya mwisho ni swali. Wale kina mama walitaka kujua, msimu ujao nani angekwenda kulinganisha nao vipimo. Walikiandikia chuo, na chuo, chenye masijala na namba za kumbukumbu na makatibu muhtasi, hakikuwajibu. Tuliichukua barua yao kama shukrani, na shukrani haidai jibu.

Haikuwa shukrani. Walikuwa wameeleza njia iliyotumika, wakaonyesha kosa lake, wakataja mipaka ya matokeo na kupendekeza hatua inayofuata. Sisi tulio kwenye fani tunaijua kazi ya namna hiyo kwa jina lake: ni uhakiki. Mwenyekiti wangu aliuliza tuiweke wapi, na leo naweza kumjibu. Tuiweke pale tunapoweka maoni ya wahakiki, tuisome kwa uzito uleule, kisha tuwaandikie walioiandika kuwaambia tumeamua nini na kwa nini. Kamati itakapokaa tena mwaka huu, naomba kazi yake ya kwanza iwe hiyo barua ya majibu.